Sauti ya Saada, Uso wa Neema

Nilipaswa kukataa pale pale dukani. Bosi Hafidhi alikuwa nyuma ya rafu zake za kanda, anapangusa redio kwa kitambaa, akaniambia bila kuinua uso: "Mwalimu, dada yako yumo eda. Hatoki wala hapigwi picha. Wimbo tayari tunao. Tafuta msichana mzuri achezeshe mdomo." Mimi nikatazama mlango, nikatazama kikombe changu cha chai, nikasema, "Sawa, Bosi."

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie kazi ya video za muziki ilivyokuwa ilipoanza huku Bagamoyo, nami nimeanza na lile ambalo nikiliacha mwisho nitapata sababu ya kulikwepa. Sasa limekwisha kusemwa, na tunaweza kuzungumza. Mengine mengi ni ya kucheka.

Bosi Hafidhi aliniita Mwalimu kwa kunitania. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwake mtu aliyemaliza kidato cha nne na bado anauza kanda ni mwalimu aliyepotea njia ya shule. Familia yake ilikuwa na duka mjini tangu kwa babu yake. Yeye ndiye aliyenunua kamera ya begani, ile kubwa kama mtoto wa mbuzi, akaniambia, "Wewe unajua Kiingereza, soma kitabu chake." Kitabu kilikuwa cha Kijapani. Nikajifunza kwa kubonyeza.

Na kubonyeza kuliniponza mapema. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa harusi kule Kerege. Kamera ilikuwa na kitufe kimoja chekundu: ukikibonyeza inarekodi, ukikibonyeza tena inaacha. Kwa papara nilikibonyeza mara mbili mwanzoni, na tangu hapo nikawa kinyume na kamera siku nzima. Nilipodhani narekodi, imezimwa. Nilipodhani nimezima nikaining'iniza begani, inarekodi. Tulipokuja kuitazama kanda, bibi harusi hayumo. Imo miguu yangu inatembea. Yumo mbuzi anakula migomba ya mapambo. Yamo masufuria ya pilau yanapita, na sauti ya mama mmoja inasema, "Huyu mpiga picha mbona anapepesuka? Mpeni chakula jamani."

Niliitazama kanda ile na dada yangu Saada. Yeye ndiye mkubwa wangu, fundi cherehani, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa akishinda shambani. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Kisha akaisogelea televisheni.

"Irudishe hiyo miguu," akasema.

Nikairudisha.

"Sasa zima sauti, weka wimbo."

"Wimbo gani?"

"Wowote wenye ngoma. Weka tu, Baka, usiniulize maswali ya mtihani."

Nikaweka. Miguu yangu ikaanza kucheza. Kila hatua ilionekana kama imekusudiwa, na mbuzi alitafuna kwenye mapigo. Wenye harusi tuliwaomba radhi, bibi harusi akavaa tena uani kwao tukampiga picha upya, lakini mwishowe watu walichoomba kurudishiwa ni miguu na mbuzi. Video yangu ya kwanza ya muziki ilikuwa hiyo, na jicho lililoiona halikuwa langu.

Kwa nyinyi mnaoshika simu, kufuatanisha mdomo na wimbo ni jambo la vidole viwili. Sisi tulikuwa na redio kaseti na betri. Unaweka wimbo, mwimbaji anachezesha mdomo, unapiga picha, halafu ukifika nyumbani unaweka sauti safi juu yake. Kosa liko kwenye betri. Zikianza kuchoka, kanda inakwenda polepole, na hamtambui, maana jua ni kali na wote mmechoka vilevile. Ukifika nyumbani unakuta wimbo umekwisha na mwimbaji bado anachezesha mdomo. Nilipoteza kazi ya siku nzima namna hiyo, na kundi zima la vijana lilionekana kama watu wanaotafuna muhogo. Tangu hapo nikawa nabeba betri mpya mfukoni na kuzibadilisha kabla hazijaomba.

Baadaye kosa lile lile likawa ufundi. Ukitaka mwimbaji aonekane anatembea kwa kuelea, nguo zinapepea taratibu, mdomo haukosei, basi chezesha kanda kwa kasi, yeye aimbe mbio mbio kama anafukuzwa na nyuki, halafu picha uipunguze mwendo. Wapita njia walitushangaa. Mzee mmoja alisimama akatazama, akaniuliza, "Huyu mnamtibu nini?"

Kuhusu jua, sikilizeni. Kuta za matumbawe za mji huu zinarudisha mwanga mkali, zinamla mtu uso. Msimweke mtu mbele ya ukuta mchana. Mwekeni kivulini, ukuta uwe mbele yake, umpelekee mwanga. Pasipo na ukuta, shuka jeupe linatosha. Na lenzi ifuteni kila mara, upepo wa huku una chumvi. Msiifute kwa shati. Mimi niliifuta kwa shati, na kwa muda mrefu kila msanii wangu alikuwa na mkwaruzo mmoja juu ya kichwa upande wa kushoto, mpaka watu wakaanza kuijua kazi yangu kwa alama hiyo.

Kisha kikaja kitambaa cha kijani. Bosi alisikia Dar kwamba ukimsimamisha mtu mbele ya kijani, unaweza kukiondoa kijani ukamweka mtu huyo popote: mwezini, Ulaya, juu ya mawingu. Tukatundika doti nzima za kijani ghalani kwake. Msanii wa kwanza akaja amependeza, amevaa suruali mpya ya kijani. Hakuna aliyeona tatizo. Tulipomweka juu ya mawingu, akawa mwili wa kiunoni kwenda juu, unaelea, chini hakuna kitu.

Tulikuwa dukani, yeye mwenyewe yupo. Bosi Hafidhi akashika kichwa. "Mwalimu, miguu ya mtoto wa watu umeipeleka wapi?"

"Bosi, ni suruali."

"Sasa tumwambie mama yake nini? Tulimpokea mzima!"

Msanii akawa anajitazama. Akauliza polepole, "Na wengine mtawafanya hivi?" Tukamwambia hapana, hili ni kosa, tutarudia. Akasema, "Msirudie. Na mwingine yeyote msimfanyie." Video ile ikapendwa mno. Baada yake wakaja wengi na suruali za kijani kwenye mifuko ya plastiki, wanataka kukatwa miguu.

Siku chache zilizopita Editha, yule binti wa mwalimu aliyekuja kutoka bara kusomea sanaa hapa, aliitazama video hiyo kwenye baraza yangu na akaniambia, "Babu, hii ni usasaleo." Nikamwomba anieleze, akanieleza vizuri, bila kunifanya mjinga. Alisema ni mtindo wa kuchanganya vitu visivyo vya zama moja, kucheza na nakala, kuacha kosa lionekane. Kwamba picha si lazima ielekee kwenye kitu cha kweli kilicho nyuma yake. Nakala inasimama peke yake, na hakuna haja ya kuuliza asili iko wapi.

Nilifurahi kupata jina la kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Sisi tuliita kuokoteza, na bingwa wa kuokoteza alikuwa Saada. Tulikuwa tukikodi kanda za nje, tunazitazama, anasema, "Hawa nao wanaokoteza, sema wana vitambaa vizuri." Alimvisha kijana mmoja kanzu, koti la kizungu lenye mabega mapana, na miwani ya mchomelea vyuma. Alimweka msichana mwenye baibui na glovu nyeupe kwenye ngazi za boma la zamani, mkononi ameshika simu ya mezani isiyo na waya. Nikimuuliza, "Dada, hii ni ya wakati gani?" alinijibu, "Ya leo. Si tunaipiga leo?"

Naye alikuwa akiimba. Aliimba cherehanini, aliimba akikata vitunguu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye mchanga ndani yake, na ikifika juu inasafika ghafla. Vijana wa kizazi kipya walipotengeneza wimbo wenye ngoma ya mashine na kinanda cha taarabu, walitafuta mtu wa kiitikio na hawakupata, mpaka Bosi mwenyewe akasema, "Tunahangaika nini, na yule fundi yupo?" Tukaenda naye Dar, akaingia studio na kanga yake kiunoni, akaimba mara moja. Fundi mitambo alivua vile vya masikioni, akasema, "Mama, rudia, nilisahau kurekodi, nilikuwa nasikiliza."

Kiitikio kikawa ndio wimbo wenyewe, wale vijana wakabaki pembeni. Saada akaanza kushona gauni la video. Alikuwa amepita umri ambao watu walidhani ndio wa kuonekana kwenye televisheni, alikuwa mnene, na alijua tunayoyafikiri. "Nitatokea," aliniambia. "Waone kwamba sauti hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana mashavu." Gauni lilikuwa la vipande: pazia la nyumba ya wageni, kaki ya sare ya shule, kanga, lesi ya bibi harusi, kitambaa cha mwavuli, na chini mstari wa vijikioo vinavyometa. Alilishona kwa wiki nyingi, baada ya kazi za wateja. Mume wake, shemeji Mussa, dereva wa lori, alikuwa akilinyanyua anasema, "Mke wangu anakwenda kuwa duka."

Shemeji Mussa akaumwa ghafla, akafariki. Saada akaingia eda, kama mjane yeyote wa Kiislamu: ndani, nguo nyeupe zisizo na pambo, hakuna kutoka, hakuna manukato, wala kuimba. Mimi mdogo wake niliruhusiwa kuingia na kukaa naye. Tukizungumza aliniuliza mambo ya kazi. "Nikitoka tutapiga wapi? Magofuni au sokoni?" Nilimwambia sokoni. Akasema, "Sokoni, kati ya samaki. Vile vijikioo na magamba ya samaki, utaona."

Hapo ndipo Bosi aliponiambia maneno niliyoanza nayo. Vituo vya televisheni vilikuwa vinafunguliwa, kipindi kipya kilikuwa kinatafuta video za Kitanzania, na aliogopa tukichelewa wengine watachukua nafasi. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiria biashara, na ni kazi yake. Kumfikiria Saada ilikuwa kazi yangu. Nami, semeni mnavyotaka, nilitaka jina langu lipite chini ya kioo cha televisheni. Eda ilikuwa inaelekea mwisho na nilijua.

Nilimpata Neema kule Kerege. Alikuwa binti wa wakulima, mwimbaji wa kwaya, mpole, mwembamba, ana uso ambao kamera inaupenda bila kuombwa. Hakuwa na kosa lolote. Aliniuliza, "Kaka, na huyo mama anayeimba, anajua?" Nikamwambia anajua.

Kisha nikaenda kwa Saada kuomba gauni. Nilikaa kwenye mkeka, nikasema nataka kulijaribu kwenye taa, nione vile vijikioo vinavyorudisha mwanga, ili akitoka tusipoteze muda. Alifurahi kwamba nafikiria mbele. Alilitoa sandukuni mwenyewe, akalifunga kwenye shuka safi. "Usilikunje," akasema. "Na usiliweke juani, ile lesi itapauka."

Tulipiga sokoni, kati ya samaki. Neema alichezesha mdomo vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha. Aliusikiliza wimbo mpaka akajua Saada anavuta pumzi wapi, na akavuta pumzi pale pale. Nilibadilisha betri kabla ya wakati. Mwanga niliupata sawasawa. Ni kazi yangu bora, na nasema hivi bila kujisifu, maana sina la kujisifia ndani yake.

Ilipoonyeshwa, watoto wa majirani walikimbia nyumbani kwa Saada wakipiga kelele, "Bi Saada, wimbo wako! Wimbo wako!" Wanawake waliokuwa wamekuja kukaa naye wakawasha televisheni. Akaona.

Asubuhi yake nilikwenda na mkate.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuacha.

"Kiuno mmekipunguza," akasema.

"Tumekipunguza."

"Nani?"

"Fundi wa Kariakoo."

"Hajui kazi. Kaacha nyuzi zinaning'inia, nimeziona mpaka kwenye kioo." Akapepeta ungo. "Uliniambia unalijaribu kwenye taa."

"Ndiyo, dada."

"Mimi humu ndani, Baka, namlilia mume wangu, na nikichoka kulia nalifikiria lile gauni. Najiambia, Saada, hutabaki hivi, utatoka, utasimama sokoni, utaimba."

"Bosi alikuwa na haraka."

"Bosi sikumbeba mgongoni." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Yule mtoto anaitwa nani?"

"Neema."

"Anaigiza vizuri. Ameivuta mpaka pumzi yangu. Mtu asiyenijua ataapa ni yeye."

Alipotoka eda nilimfuata Bosi, nikamwomba turudie na Saada mwenyewe. Akanijibu kwa upole kwamba watu wameshauzoea ule uso, tukiubadilisha watauliza yule mama ni nani. Nikamfuata Saada. Akasema, "Sasa nikasimame pale nimuigize Neema?" Neema naye alipata tabu yake. Alialikwa kwenye harusi na sherehe, watu wakimtaka aimbe, naye anaomba kanda iwekwe. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kiitikio, ukumbi mzima ukamtazama, mdomo umefunguka. Aliwaambia ukweli hapo hapo, akarudi Kerege, akaenda kusomea ualimu. Alikwenda kwa Saada kuomba radhi, wakapatana, na mpaka leo nguo zake anashonewa na Saada.

Hamkuniuliza, lakini nitawaambia ambacho ningefanya, kwa sababu ni cha ufundi na kinaweza kuwafaa. Ningelitundika gauni tupu kwenye kamba ya kuanikia, pale pale sokoni, upepo ulitie tumbo na mabega, watu wapite nyuma na matenga ya samaki, na sauti ya Saada juu yake. Hakuna mdomo wala uso. Watu wangeuliza, mwenyewe yuko wapi? Nasi tungejibu, yumo eda, anakuja. Ingekuwa rahisi, na Bosi angeipata video yake kwa wakati. Wazo hili lilinijia nikiwa nimeshastaafu. Wakati ule lingekuja kama ningekaa kimya kidogo dukani kabla ya kusema sawa.

Juzi Editha alinionyesha kwenye simu yake namna mnavyoongeza mikwaruzo, rangi zilizopauka, na ule mtetemo wa kanda iliyochoka, ili kazi zenu zifanane na zetu. Nilicheka sana. Vitu nilivyovipiga vita kwa spiriti na pamba, nyinyi mnaviweka kwa makusudi. Fanyeni tu, vinapendeza. Okotezeni kila mnachotaka, kateni watu miguu, wapelekeni mwezini. Alichosema Editha ni kweli, nakala inaweza kusimama peke yake. Ile ya Neema imesimama mpaka leo, vijana wanaitazama na kuipenda bila kumjua Saada. Mimi ndiye ninayemjua.

Dada yangu anaishi hapa hapa Dunda, mitaa michache kutoka kwangu. Hakuninunia. Nikiumwa anakuja, nikikawia kwenda kwake anatuma mjukuu aulize kama nimekufa. Ijumaa nakula kwake, na kipande kizuri cha samaki ananiwekea mimi. Cherehani bado inakwenda, na majirani wananiambia kwamba akishona anaimba, wajukuu wanamwitikia, na sauti ile haijapungua. Mimi nikifika, nikisema hodi, ndani kunakuwa na mlio wa cherehani peke yake. Mwaka fulani nilimwomba, "Dada, niimbie kidogo." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeombwa kitu ambacho hana tena nyumbani, akasema, "Kula, Baka, chakula kinapoa."

Neno lile moja nililomjibu Bosi limenigharimu hili: dada yangu yu hai, ananipenda, na tangu wakati ule hajaimba mbele yangu. Nikitaka kuisikia sauti yake, sina budi kumtazama Neema.